Rimoki ya Kumleta Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa toliye, fundi wa kunyoosha na kuunda bodi za magari. Gereji yake ilikuwa Remera, hapa Kigali, nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya uwanja wa mpira. Mimi nilikuwa mshonaji wa Biryogo, mtaa mwingine wa mji huu, kwenye baraza ya nyumba yetu wenyewe. Shule nilisoma miaka miwili, madrasa zaidi kidogo. Barua naweza kuandika. Jambo refu kama hili ni mara ya kwanza, na ninaliandika kwa sababu nililitenda kwa mikono yangu na akili zangu timamu, hakuna aliyenisukuma.

Kwa kuwa namba hazikuwa rafiki zangu, vipimo vya wateja nilikuwa naviweka kwa vitambaa. Kila mteja nilimkatia ukanda mwembamba, mrefu kama gauni lake, kutoka bega mpaka kifundo cha mguu. Juu ya ukanda huo nilikata mapengo kwa mkasi: pengo moja kifua, mawili kiuno, matatu nyonga. Kwenye ncha nilishonea kipande kidogo cha kitambaa alichopenda, nimtambue. Kanda zote zilining'inia kwenye waya ukutani. Mtu akifa niliondoa wake. Akihama niliuacha, maana watu hurudi.

Mama mkwe wangu alikuwa na ukanda wake pale, na kipande cha zambarau.

Jina lake sijalitamka maishani mwangu. Kwetu Rwanda mke hataji jina la mkwe wake, na hata nilipomkasirikia sana desturi hiyo niliishika. Alikuwa mtu wa Biharamulo, upande wa Tanzania, akaolewa Kigali na mfanyabiashara wa hapa. Alipofiwa na mume alikaa kwetu miaka minne. Sitasema alinipiga wala kuninyima chakula, maana si kweli. Alisimama nyuma yangu. Nikipika alisimama nyuma yangu, nikifua alisimama nyuma yangu. Miaka ile sikuwa nimepata mtoto bado, na aliwaambia wageni mbele yangu kwamba mwanawe ana moyo mkubwa, mwanamume mwingine angeshaoa wa pili.

Halafu kulikuwa na lile gauni la zambarau. Nilimshonea la Idi, kwa kitambaa nilichonunua mwenyewe. Alilivaa, akazunguka mbele ya wanawake waliokuja kula pilau, akakaa chini, akaomba wembe. Akaanza kufumua mshono wa ubavuni, polepole, huku akizungumza nao habari nyingine. Alipomaliza akanirudishia mapajani na kusema, "Limeshonwa na msichana mwenye haraka. Anza tena, mwanangu." Wanawake wakacheka. Mshono ule haukuwa na kosa. Nimeshona miaka arobaini, najua mshono wenye kosa.

Akarudi kwao Biharamulo kukaa na binti yake, wifi yangu. Mimi nikazaa binti zangu wawili, wakakua, wakaolewa Burundi wote. Miaka ishirini na mitano ikapita hatujaonana naye.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini dereva wa lori la saruji alituletea barua. Wifi aliandika kwamba mama alianguka kisimani, nyonga ikavunjika. Mganga wa mifupa alimfunga vijiti, lakini mfupa ulishika vibaya. Mguu wa kushoto haukunjiki tena. Kukaa hawezi, analala chali tu, na akikunjwa kidogo analia kwa maumivu. Wifi mwenyewe ni mjane, yuko shambani mchana kutwa, wa kumgeuza hayupo. Mama anasema anataka kuja kwa mwanawe, afie kwake.

Mume wangu aliisoma kwa sauti mara mbili, ya tatu kimya.

Nilimwambia Biharamulo kuna hospitali. Akasema mama hataki hospitali, anataka kwake. Nikasema kwake ndiko kwangu pia. Akanitazama kama mtu aliyesikia sauti chumba cha pili, akaikunja barua.

Tatizo lilikuwa namna ya kumleta. Basi haliwezekani kwa mtu asiyeweza kukaa. Jirani walishauri atandike godoro nyuma ya pikapu yake na kufunika turubai juu. Akakataa kabisa. "Mama yangu si mkungu wa ndizi," alisema. Alimjua mama yake: mwanamke aliyetoka nje kwa buibui lililopigwa pasi, asingekubali watu wa njia nzima wamwangalie amelala kama mzigo. Na vumbi la barabara ile, na jua, na mvua.

Pale gereji kulikuwa na gazeti alilolisahau mhandisi mmoja wa kizungu aliyeleta gari kunyooshwa. Ndani mlikuwa na picha ya kinyumba juu ya magurudumu mawili, kinavutwa na gari. Mbele kilikuwa mviringo, halafu mgongo unateremka mpaka unakwisha mwembamba nyuma, kama tone la maji linaloning'inia kwenye bomba. Ndani palikuwa na kitanda tu, basi. Nyuma kulikuwa na kifuniko cha kuinua, na chini yake mahali pa jiko. Wazungu walikuwa wanalala humo porini kwa kujifurahisha. Mume wangu aliichana ile karatasi, akaibandika ukutani kwa gundi, na siku hiyo hiyo akaanza kutafuta vyuma.

Nilimwambia, "Watu wana nyumba zao wanakwenda kulala msituni, na wewe unawaiga."

"Wao starehe," akasema. "Mimi haja."

Ekseli aliitoa kwenye gari dogo lililopinduka huko Kayonza. Fremu aliichomelea mwenyewe. Kuta zilikuwa za triplekisi, zile mbao nyembamba zinazogandishwa pamoja, mbili mbili, akazikunja kwa maji ya moto na uvumilivu. Juu alivika mabati ya mapipa aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo mpaka yakawa laini kama sinia. Vioo vya madirisha alivipata kwenye basi bovu. Aliweka milango miwili, kushoto na kulia, ili mama aweze kugeuzwa kutoka upande wowote. Kule nyuma chini ya kifuniko alitengeneza mahali pa jiko la mkaa, pa birika la udhu, na pa beseni. Alifikiria yote. Sijawahi kumwona mwanamume akifikiria beseni.

Remera nzima ilijua. Wenye maduka walipita na kumwuliza, "Fundi, yai lako litaanguliwa lini?" Mmoja akasema linafanana na jeneza. Mume wangu hakuinua hata kichwa, akamjibu jeneza halina dirisha. Sisi Kigali tela tunaiita rimoki, kwa hiyo ikaitwa rimoki ya mama, na hata wasiomjua mama waliuliza rimoki ya mama imefikia wapi.

Sasa nifike kwenye langu.

Kabla hajakata mbao za kitanda alikuja nyumbani adhuhuri, akasimama mbele ya cherehani yangu na kuniuliza mama ana urefu gani. Nikashangaa. Mwana hajui urefu wa mama yake. Akasema anakumbuka kwamba ni mrefu, lakini kila mtoto anamkumbuka mama yake mrefu, na wazee nao hupungua. Fundi hapimi kwa kukumbuka.

Niliinuka, nikatungua ukanda wenye zambarau, nikampa.

"Huu ndio wake?"

"Ndio niliomshonea."

Sikusema uongo. Aliutandaza mezani kwangu, akaunyoosha kwa viganja, akapima ncha mpaka ncha kwa futi yake ya chuma. Halafu akaongeza shubiri moja na kuniambia, "Hii ya mto." Akafurahi kwa kuwa mkarimu.

Ukanda ule ulikuwa gauni. Ulianzia begani na kuishia kwenye kifundo cha mguu. Juu ya bega kuna shingo na kichwa, chini ya kifundo kuna mguu, na shubiri moja haivitoshi hivyo vyote. Tena mbele ya rimoki ile palikuwa mviringo, unakula nafasi. Nilijua hayo kama ninavyojua tundu la sindano liko wapi. Alikuwa anaandika namba kwenye kiganja chake. Neno moja tu lilitakiwa.

Nikamwambia chai inapoa.

Watu wameniuliza, na mimi nimejiuliza, nilikuwa nataka nini. Sikutaka afe. Wallahi sikuwaza kifo. Nilitaka jambo lile lishindikane lenyewe, bila mimi kusema sitaki. Kama ningesema sitaki ningekuwa mke mbaya, na jina hilo sikulitaka. Nikaona kitanda kikiwa kifupi watahangaika, watachelewa, pengine wifi atapata mtu wa kumsaidia huko huko, na mlango wangu utabaki bila mtu wa kusimama nyuma yangu. Mtu mzima mwenye miaka hamsini na mbili, nikafikiri namna hiyo.

Nikamshonea hata godoro. La sufi, kwa kipimo kile kile kifupi, mshono mzuri sana.

Mwisho wa Julai rimoki ilikuwa imekwisha. Aliipaka rangi ya kijani chini na nyeupe juu. Karatasi za safari alikuwa nazo mfukoni, za kutoka na za kuingia, zenye muda wa mwezi mmoja. Alitaka kuondoka Jumamosi. Siku ya Alhamisi akasema haendi kumchukua mgonjwa kwa kitu ambacho hakijalaliwa, akamwita jirani yetu muuza maziwa, mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa, ambaye siku zote tulisema ana umbo la mama.

Nilikuwapo. Nilikuwa nimepeleka mapazia ya madirisha.

Muuza maziwa alizunguka ile rimoki na kucheka. "Baba, mimi mke wa mtu, unaniingiza kwenye kiota chako mchana huu?" Akavua viatu, akaingia, akajilaza. Mume wangu akafunga mlango na kuchungulia dirishani.

"Nyoosha miguu, dada."

"Nimenyoosha."

"Magoti yako juu."

"Sasa ninyooshe wapi, nitoboe ukuta?"

Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Alifungua mlango, akamwangalia yule mwanamke alivyokunja magoti. Nikajua anauona mguu wa mama yake, ule usiokunjika. Akamsaidia kushuka, akamshukuru. Kisha akautoa ukanda kwenye mfuko wa ovaroli, alikuwa anatembea nao muda wote ule, akanijia na kuushika kwenye bega langu, ukateremka mbele ya kanga yangu mpaka chini. Akauangalia ulipoishia.

"Hiki ni kipimo cha gauni," alisema.

"Ndiyo."

"Nimepima gauni. Sikupima mtu." Akajigonga paji la uso kwa ngumi. "Miaka thelathini fundi, mjinga kiasi hiki."

Alichukua kosa lote akajitwika. Nilikuwa nimesimama karibu yake kiasi cha kusikia anavyopumua. Nikaanza kutundika mapazia.

Kurefusha kitu cha namna ile si kama kuteremsha pindo. Ilibidi akate mkia wote, aunge fremu, akunje triplekisi mpya, atafute mapipa mengine. Mkia ulipoongezeka uzito, rimoki ikawa inainua pua na kunyanyua nyuma ya pikapu, kwa hiyo akang'oa ekseli na kuirudisha nyuma. Agosti ikaisha. Karatasi zikapitwa na muda, akaanza upya kwenda ofisini, leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa. Septemba ikaisha. Mimi nikaunga godoro kipande cha miguuni. Akapata karatasi mpya, akasema tunaondoka wiki ya kwanza ya Oktoba, Jumatano.

Jumatatu yake vita vikaingia kutoka mpaka wa Uganda.

Njia yetu ilikuwa ile ya mashariki, ya kupitia Kayonza, na njia ile ikajaa wanajeshi. Mwisho wa wiki milio ya risasi ilisikika hapa mjini kwenyewe. Watu wakaanza kukamatwa. Askari walipofika gereji wakaikuta rimoki, wakaifungua milango yote miwili, wakang'oa ubao wa kitanda kutazama chini. Mmoja akamwuliza nani analala humu. Akajibu mama yangu. Yuko wapi mama yako? Yuko Tanzania. Wakamchukua. Alikaa kizuizini siku tisa. Aliporudi alikuwa hawezi kufunga vizuri ngumi ya mkono wa kulia, na hakunieleza, nami sikumlazimisha.

Baada ya hapo kutoka nje ya mji kulitaka ruhusa, na kuvuka mpaka ndiyo kabisa. Alikwenda ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, kila Jumatatu. Akawa anajulikana, wanamwona tu wanasema, "Mzee wa mama, bado." Alimtumia wifi barua mbili kwa madereva. Sijui kama zilifika.

Ramadhani ya mwaka wa tisini na moja, dereva yule yule wa saruji alisimama kwenye baraza yangu, akavua kofia. Nikajua. Mume wangu alikuwa ndani. Dereva akamwambia mama amezikwa siku ishirini zilizopita.

Tulikaa matanga siku tatu, watu wakaja. Kila aliyeingia mume wangu alimweleza jambo moja: "Mimi nimemchelewesha. Nilipima gauni, sikupima mtu. Ningepima sawasawa tungetoka Julai." Wanaume wakimjibu ni mipango ya Mungu, anakubali, halafu akija mwingine anaanza tena. Niliyasikia maneno hayo siku tatu nikiwa nachambua mchele.

Muuza maziwa alikuwa amekaa karibu yangu. Akaniambia kwa sauti ndogo, bila ubaya, "Na wewe dada, mshonaji, hukuona?"

Nikamwambia sikuulizwa.

Akaendelea kuchambua. Baada ya matanga alipunguza kuja kwangu.

Miaka miwili rimoki ilikaa pale gereji chini ya turubai. Watu walitaka kuinunua, hakuuza. Mwaka wa tisini na tatu, waliopigana waliposaini amani na njia zikalegea kidogo, aliniambia anataka kwenda kuliona kaburi, na tutakwenda na rimoki. Sikumwuliza kwa nini. Tuliondoka alfajiri. Kila bariyeri, yaani kila kizuizi cha askari, waliifungua rimoki na kuchungulia, wakakuta godoro na birika. Njiani nililala humo saa nzima kwa sababu mgongo uliniuma, na nitasema kweli: kilikuwa kitanda kizuri. Hakirushi. Upepo unaingia dirishani bila vumbi. Mgonjwa angefika.

Wifi yangu alitupokea vizuri, akatupeleka kaburini, tukasoma dua. Jioni tukiwa jikoni wawili, anamenya ndizi, alianza kunieleza habari za mama yake. Alisema mama alifunga kitita chake cha nguo tangu Idi ya mwaka wa tisini, akakiweka ubavuni mwa kitanda na hakuruhusu kifunguliwe. Kila asubuhi aliuliza kama gari limefika. Barua ya mume wangu ya kabla ya vita, ile ya kusema anatengeneza kitanda cha magurudumu, alisomewa mpaka akaijua kwa moyo.

"Alikuwa na wasiwasi wa kitanda," wifi alisema. "Akawaza kitambana mguu. Halafu akasema, aa, mke wake ni mshonaji, kipimo changu anacho. Yule hakosei."

Nikamwuliza kama alisema hivyo hivyo, hakosei.

"Hivyo hivyo. Alikusifu sana uzeeni, wifi. Alisema alikutesa ulipokuwa mgeni, na akifika atakuomba radhi mwenyewe, kwa mdomo wake, si kwa barua."

Nilitoka nje nikachota maji ambayo hayakuwa yanahitajika.

Tuliporudi, pale mpakani Rusumo tulisubiri muda mrefu, ofisa wa forodha alikuwa amekwenda kula. Tulikaa kwenye pikapu, maporomoko yanasikika chini ya daraja. Nikamwambia mume wangu yote. Kwamba nilijua. Kwamba nilimwona anaongeza shubiri ya mto na nikanyamaza. Kwamba hata godoro nilishona nikijua.

Alikuwa ameshika usukani. Hakugeuka.

"Kwa sababu ya lile gauni la Idi?" aliuliza.

"Lile gauni, na ile miaka minne."

Akasugua usukani kwa kidole gumba. "Ungeniambia hutaki."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali," akasema. "Lakini ningejua ninashindana na nani. Mimi nimegombana na nafsi yangu miaka mitatu."

Ofisa akarudi, akatuashiria tusogee. Mume wangu akawasha gari, akasogea, akaonyesha karatasi. Mpaka Kigali aliongea nami habari za njia tu: shimo hili, ng'ombe hao.

Hakunipiga. Hakunipa talaka, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Chakula changu alikula, sukari alileta, salamu alinipa. Lakini baada ya wiki mbili aliingia nyumbani amevaa shati jipya, na mshono wake haukuwa wangu.

Aliyelishona alikuwa fundi mmoja mwanamume, milango mitatu kutoka msikitini. Mtu mzima, mpole, mkono mzuri. Suruali ikichanika, mume wangu aliikunja kwapani, akapita mbele ya cherehani yangu, na kwenda nayo kule. Biryogo wote waliona. Mume wa mshonaji anavaa sindano ya mtu mwingine. Wanawake wakaniuliza, "Shoga, mashine imekufa?" Nikawajibu mashine ina afya kuliko wao. Lakini ndani niliungua. Niliona amechagua kuniaibisha mahali pale pale nilipokuwa na heshima, na nikasema moyoni, basi, ni haki yake, tumelipana. Kiburi hicho. Hata kumwomba radhi sikumwomba. Kule mpakani nilikiri tu, na kukiri si kuomba radhi.

Siku za kazi akaanza kulala Remera, ndani ya rimoki, kwa sababu barabara za jioni zilikuwa mbaya na vijana wenye marungu wamezidi. Sababu ilikuwa ya kweli. Alhamisi jioni alirudi, Jumamosi asubuhi akaondoka.

Kwa hiyo Aprili ya tisini na nne ilimkuta Remera na mimi ikanikuta Biryogo. Siku za kawaida ni mwendo wa miguu wa saa moja na nusu. Mwezi ule palikuwa mbali kuliko Biharamulo. Kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake lilitosha kumuua, la kwangu lilitosha kuniacha hai. Zaidi ya hapo wapo walioona kuliko mimi, waandike wao.

Julai nilikwenda kwa miguu. Gereji haikuwa na paa, rimoki haikuwapo. Wenye maduka niliowajua hawakuwapo. Mwanamke aliyekuwa akilala kwenye duka lililovunjwa aliniambia hamjui mtu huyo.

Karibu na mwisho wa mwaka walianza kufukua mashimo ya upande ule walimotupwa waliouawa, ili watu wazikwe inavyostahili. Nguo zilifuliwa na kutandazwa kwenye majani, na sisi tulipita katikati yake kutafuta watu wetu. Wenzangu waliokuwa wateja wangu nilitambua magauni yao nikiwa mbali. Mshono wangu naujua hata kwa kidole. Nikawasaidia watu wengine kuwapata wao. Lakini mume wangu nilikuwa sijui alivaa nini. Miezi minane sikuwa nimegusa nguo yake.

Ilibidi niende kwa yule fundi. Alikuwa hai, baraza yake ile ile. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia nimekuja kuuliza shati la mwisho ulilomshonea baba watoto lilikuwa la namna gani.

Hakustaajabu. Akaniambia lilikuwa la kaki, mifuko miwili yenye vifuniko, vifungo vyeusi kwa sababu vya kahawia vilikuwa vimekwisha. Akakata kipande cha uzi alioutumia, akanifungia kwenye karatasi.

Halafu akauliza, "Na macho yako, dada, yanaendeleaje?"

Nikamwuliza macho yana nini.

"Aliniambia yamekuwa mabovu, sindano huioni vizuri, na unaona haya kusema. Akaniomba nimshonee yeye, na nisimwambie mtu, ili wateja wako wasikukimbie." Alikuwa anatazama mikono yake. "Sikumwambia mtu."

Nikamjibu yanaendelea vizuri. Nikachukua ile karatasi, nikarudi Remera.

Nilipita kwenye nguo zile siku nne, mstari kwa mstari. Kaki zilikuwa nyingi. Niliinama kwenye kila moja, nikaigeuza ndani nje, nikaangalia mifuko na vifungo. Mlinzi wa pale siku ya nne alikuja akaniambia, bibi, hii umeshaiangalia jana. Nikamwambia najua, niache niiangalie.

Sikulipata.